Miaka ya Kukaa Kitako

Katika shule ya masere, watawa wa kike wa Kibelgiji, pale Goma, msichana hakuruhusiwa kukimbia. Hata mvua ikinyesha na kengele ya chakula ikilia, tulitembea kwa mstari, mikono tumeikunja mbele ya tumbo, tukaingia bwaloni tumelowa. Mama Mkuu, yule masere aliyewaongoza wenzake, alisema mwalimu anayekimbia hawezi kuheshimiwa na watoto. Na sisi sote tulikuwa tumeletwa pale ili tuwe walimu. Watu wa cité, mtaa wa Waafrika, walituita mamonitrisi hata kabla hatujashika chaki. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako, na wasichana waliofika kalasi zile walikuwa wachache mno. Tulipopita kwenda kanisani, wanawake waliokuwa wakiuza ndizi walisimama kutuangalia.

Mimi nilitoka milima ya Masisi. Baba yangu alikuwa katekista, mtu aliyezoea kupita kilima hadi kilima akifundisha sala, na kwa sababu yeye mwenyewe alijua kusoma, hakutaka kusikia kwamba msichana hasomi. Nilifika Goma nikiwa na miaka kumi na tano na miguu ya mtu wa milimani. Kwetu nyumba ilikuwa juu, maji yalikuwa chini, na shamba la maharagi lilikuwa ng'ambo ya bonde. Mtu alishuka na kupanda mpaka jua linazama, na hakuna aliyesema kwamba amefanya jambo.

Shuleni tuliamshwa saa kumi na moja na nusu. Tulikwenda misa, tukakaa na kupiga magoti. Tukaingia kalasi, tukakaa mpaka saa sita. Tulikula tumekaa. Mchana ulikuwa wa kushona: tulitia maua ya nyuzi kwenye vitambaa vya meza vilivyonunuliwa na wake wa Wazungu wa kando ya ziwa, na masere wa ushonaji alitupiga kidogo mgongoni kwa rula ili tusiiname. Jioni tulirudia masomo, tukasali rozari, tukalala. Maji yaliletwa na wafanyakazi, kuni zilipasuliwa na wafanyakazi, hata bukari, ugali wetu, ilisongwa na wapishi. Kazi yetu ilikuwa kukaa.

Mwanzoni nilipenda. Nani asiyependa? Viganja vyangu vililainika, sketi ikaanza kunibana kiunoni, na niliporudi nyumbani likizo ya kwanza baba alinishika mikono akaigeuza juu na chini, akacheka kwa furaha. "Hii sasa ni mikono ya kalamu," alisema. Mama hakucheka. Alikuwa ameniona asubuhi ile nikipanda kutoka mtoni na mtungi, nikasimama mara mbili njiani kutafuta pumzi. Alikuja tu akaupokea mtungi.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa binti wa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, msichana mrefu, mkavu wa maneno, ambaye aliogopwa hata na masere. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Jioni moja alinyoosha mguu wake kitandani, akabonyeza kwa kidole juu ya kifundo. Kidole kikaacha shimo.

"Ona," akaniambia. "Wanatunenepesha kama mbuzi ya Noeli."

Nikacheka. Lakini nilibonyeza na wangu, nikaona shimo lile lile.

Mwaka wa pili alikuja masere kijana kutoka Ubelgiji. Nadhani hakutuzidi kwa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa bado kibichi, alikisema kwa kuruka-ruka kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Alhamisi moja Mama Mkuu alimpa kazi ya kutupeleka matembezi, na yeye, badala ya kutuzungusha kwenye barabara ya ziwa kama ilivyo desturi, akatupandisha kile kilima kilicho karibu na bandari. Si kilima cha kutisha. Mbuzi wa cité walikipanda kila siku. Nusu yetu tulikaa chini kabla ya kufika katikati, na msichana mmoja kutoka Rutshuru akaanguka, macho yamegeuka meupe.

Masere kijana alimlaza, akamfungua vifungo vya shingoni, akampepea kwa kofia. Alipozinduka, masere akatuita mmoja mmoja, akatushika kifundo cha mkono na kutazama saa yake, midomo ikihesabu. Aliponishika mimi, moyo wangu ulikuwa ukipiga mpaka masikioni.

"Ninyi ni watoto wa milima," akasema. "Kwa nini?"

Rafiki yangu ndiye aliyejibu. "Masere, sisi ni watoto wa viti."

Akatuuliza tunakaa saa ngapi kwa siku. Hatukuwa tumewahi kujiuliza. Tukahesabu kwa vidole pale kilimani, misa, kalasi, chakula, kushona, rozari, huyu akimsahihisha yule, na tulipojumlisha ilikuwa saa kumi na moja. Hapo hatukuhesabu usingizi. Masere kijana alimwinua yule wa Rutshuru, akatushusha polepole.

Sijui alimwambiaje Mama Mkuu. Ninachojua ni kwamba baada ya wiki chache tulipewa amerikani tukashona suruali pana za kufika gotini, na kila Jumanne na Alhamisi saa tisa tulitoka nje kwa jimnastiki. Uwanja ulikuwa nyuma ya kalasi, mahali palipotandikwa changarawe nyeusi ya volkano. Tuliruka kamba, tulirushiana mpira, tulinyoosha mikono juu na kuinama mpaka vidole viguse vidole vya miguu. Mara za kwanza tuliona haya, tukawa tunazivuta-vuta suruali chini. Halafu haya ikatoka. Rafiki yangu alikuwa na mbio ambazo sikuwahi kuziona kwa mtu: kichwa hakitikisiki, miguu kama haigusi chini. Mimi sikuwa na mbio, lakini nilikuwa naruka kamba mpaka masere anachoka kuhesabu. Usiku nililala kama jiwe. Jimnastiki ilidumu miezi minne, na katika miezi hiyo niliweza kupanda ngazi za kanisa nikaimba papo hapo, sauti haikatiki.

Ua wa shule ulikuwa wa miti ya miyenzi, na miyenzi ina mianya. Watu waliokuwa wakipita walianza kusimama. Kwanza wafanyakazi, halafu wanawake wa sokoni, halafu wanaume wasiokuwa na kazi ya kuwapitisha pale. Tulisikia wakicheka. Maneno yakaanza kutembea kwamba masere wanawavua nguo watoto wa watu.

Baba yangu alikuja Alhamisi moja bila kutuma habari. Alikuwa amepata lori kutoka Sake, amewaletea masere kikapu cha maharagi mapya. Mlinzi wa mlango alimwelekeza nyuma, na yeye akatokea kwenye kona ya kalasi wakati mimi niko hewani, kamba iko chini yangu, magoti yangu yanaonekana, na ng'ambo ya ua vichwa vya wanaume vimejipanga. Nilimwona nikiwa bado juu. Niliposhuka sikuruka tena, kamba ikanipiga vifundoni.

Hakupaza sauti. Baba yangu hakuwahi kupaza sauti. Alitua kikapu, akavua kofia, akaenda kwa Mama Mkuu. Mimi niliitwa nisimame mlangoni kwa sababu alitaka nisikie.

"Mama," alimwambia, "nilileta mutoto hapa asome. Sikumuleta aruke. Huyu kuna watu wamekwisha kuja kumuuliza kwetu kwa ndoa. Mama ya yule kijana akisikia namna hii, atauliza kama tumbo yake iko nzima. Na mimi nitamujibu nini? Mimi ni katekista. Watu wananiangalia."

Mama Mkuu hakuwa amependa jambo lile tangu mwanzo. Alikuwa akingojea neno, na neno lilipotoka kwa katekista lilimtosha. Alhamisi iliyofuata tulirudi kwenye vitambaa vya meza. Zile suruali tulizifumua, tukashonea mito. Mwisho wa muhula masere kijana alipelekwa misheni nyingine, mbali upande wa kaskazini. Aliondoka asubuhi na mapema, hatukumuaga.

Wenzangu walijua ni baba yangu. Hawakunitukana, lakini mahali pangu kwenye benchi palipata nafasi kubwa kulia na kushoto. Rafiki yangu peke yake aliendelea kulala ameelekea upande wangu. Nikamwuliza kama amenikasirikia.

"Kukasirikia wewe kutanirudishia mpira?" akasema, akageukia ukutani.

Tukakaa tena, mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimebakiza mwaka mmoja nipate cheti changu. Nilijua kuandika ubaoni herufi zilizosimama sawasawa, nilijua kuosha mtoto mchanga kwa mwanasesere wa mbao, nilijua mifupa yote ya mwili kwa Kifaransa. Ngazi za kanisa nilizipanda nikiwa nimeshika ukuta, na niliona ni kawaida, kwa sababu wote tulishika ukuta.

Likizo ya mwaka ule ndiyo ninayotaka kuieleza.

Dada yangu mkubwa, ambaye mpaka leo namwita yaya, alikuwa ameolewa kilima cha pili kutoka kwetu, na alikuwa na mimba yake ya kwanza. Nilipofika nyumbani, mama alinituma kwake nikamsaidie. Wiki ile mvua ilikuwa imebomoa barabara ya Sake, na leta, serikali ya Wazungu, iliwachukua wanaume wote wenye nguvu kwenda kuondoa udongo. Mume wake alikwenda, na shemeji zake, na majirani. Baba alikuwa kwenye vigango vyake vya mbali. Vilimani walibaki wazee, watoto na wanawake.

Uchungu ulimshika Jumatatu jioni, mama akaja. Jumanne ulipita. Usiku wa kuamkia Jumatano mkunga, mwanamke mzee aliyetuzalisha sisi sote, alitoka nje akanawa mikono muda mrefu, na kulipoanza kupambazuka akamwambia mama, "Huyu si wa hapa tena. Mumupeleke kwa masere wa dispansere."

Dispansere, zahanati ya masere, ilikuwa chini kwenye barabara, mwendo wa saa tatu kwa mtu mwepesi. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa kipoyi: machela ya kusukwa kama kikapu kirefu, yenye miti miwili, watu wanne, kila mmoja na ncha moja begani kwake. Ni kazi ya wanaume, na wanaume husafiri wanane ili wapokezane. Sisi tulikuwa wanne tu. Mama, wifi yake yaya, jirani mmoja aliyekuwa amemwacha mtoto wake wa kunyonya kwa bibi yake, na mimi. Mkunga alitangulia mbele na fimbo.

Tulimlaza yaya, tukamfunika majani ya ndizi kwa sababu ya manyunyu, tukainua. Mimi nilikuwa nyuma, kushoto. Kushuka kwa kwanza nilikwenda vizuri. Nilijiambia ninaweza, mimi ni mtoto wa hapa, miguu haisahau. Tulivuka kijito, maji yakitufika magotini, tukaanza kupanda upande wa pili.

Sikufika hata robo. Mapaja yalianza kutetemeka, kwanza taratibu kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi, halafu kwa nguvu, na mti ukaanza kunitelezea begani. Pumzi ilikuwa ikiingia bila kufika popote. Nikasema, "Tutue. Tafazali, tutue kidogo."

Tukatua. Yaya aliguna ndani ya majani. Tukainua tena. Tulikwenda urefu wa shamba moja la maharagi, nikasema tena, tutue. Mara ya tatu wifi yake alinigeukia, uso wake umelowa mvua na jasho.

"Tukuweke na wewe ndani?" akaniuliza. "Ni nini wanakulisha kule Goma?"

"Mumuache apumuzike," yaya alisema kutoka kwenye kipoyi. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mama hakugeuka. Alikuwa na miaka karibu hamsini, alikuwa ameshika mti wa mbele, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nilitazama ule mgongo nikajaribu kutembea kwa kuufuata. Mara ya nne nilianguka goti moja kwenye tope na kipoyi kikainama, yaya akapiga ukelele ambao bado ninausikia nikiwa peke yangu. Mara ya tano nilisimama tu, na wote wakasimama.

Hapo alitokea mwanamke akitoka shambani na jembe na kikapu cha viazi. Hatukumjua. Alikuwa mzee, nywele zake zimekuwa nyeupe pembeni, miguu myembamba kama ya korongo. Alitazama kipoyi, akatutazama, halafu akanitazama mimi. Hakuuliza nani wala wapi. Alinipa jembe lake na kikapu chake mkononi kama mtu anayempa mtoto kitu cha kushika, akaingia mahali pangu, akaweka mti begani.

"Twende," akasema.

Wakaenda. Walikwenda kwa ule mwendo wa mbio fupi-fupi wa wabeba kipoyi, mpaka kileleni hawakutua. Mimi nilifuata nyuma na viazi vya mwanamke mzee, nikisimama kila hatua thelathini, nikawaona wakizama upande wa pili wa kilima kabla sijafika juu.

Nilipofika dispansere mvua ilikuwa imekwisha. Mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye ngazi akinisubiri kwa ajili ya vitu vyake. Alichukua jembe, akachukua kikapu, akatoa viazi vinne akaviweka kando ya mlango kwa ajili ya mgonjwa. Sikujua namna ya kumshukuru. Nilipiga magoti mbele yake, akanigusa kichwani akaondoka.

Yaya aliishi. Mtoto, mwanamume, alitoka akiwa hai, akapumua kidogo, halafu akaacha. Masere wa dispansere, mwanamke mzima mwenye mikono mizito, alitoka akijifuta, akamwambia mama kwa upole, "Mungalifika mapema kidogo tu, mama. Kidogo tu." Hakujua anachosema. Alikuwa akisema kama wanavyosema wauguzi wote. Mama aliitika, "Ndiyo, masere." Wifi alitazama chini. Jirani alikuwa akikamua maziwa yake kwenye majani, kwa sababu yalikuwa yamemjaa. Hakuna aliyenitazama, na ningeona afadhali wote wangenitazama.

Baba alirudi Jumamosi. Sijui nani alimweleza, wala alielezwa namna gani. Alikwenda kusali kwenye kaburi dogo, akakaa na mkwe wake, akarudi. Siku iliyofuata baada ya sala aliniambia nimsindikize kwa mgonjwa mmoja kilima cha juu. Njia ilikuwa ya kupanda. Alitembea mbele, hakugeuka, lakini nilijua anasikiliza. Katikati ya njia alisimama, akajifanya anafunga kiatu ambacho hakikuwa kimefunguka.

"Unapumua kama muzee," akasema.

"Ndiyo, papa."

Alifunga na kufungua kamba ile mara mbili. "Na mimi nilifikiri ninakulinda," akasema. Basi. Aliinuka tukaendelea, polepole.

Likizo ilipokwisha hakunipandisha lori peke yangu. Alikuja nami mpaka Goma, akavua kofia mbele ya Mama Mkuu kama siku ile, na mimi nikasimama mlangoni kama siku ile.

"Mama, nilikuja hapa nikasema mambo ya kuruka. Nimerudi. Ninaomba watoto waruke."

Mama Mkuu aliweka miwani yake mezani. "Muzee, yule masere aliyekuwa anajua hayuko. Hakuna mwingine. Na wazazi wengine wamekwisha kutushukuru kwamba tulikomesha."

"Mimi ndiye niliyewaambia wakushukuru," baba akasema. Jambo hilo sikulijua. Alikuwa amepita kwa wazazi wenzake, nyumba kwa nyumba.

Nje kengele ililia, nikasikia nyayo za wenzangu zikipita kwa mstari.

"Basi uwape hata majembe," baba akasema mwishoni. "Jembe haina mutu ya kuisemea mubaya."

Na hivyo ndivyo tulivyopewa shamba nyuma ya kalasi, mahali pa ule uwanja. Kila siku saa tisa mpaka saa kumi na moja tulichimba mawe ya volkano, tukayapanga pembeni, tukabeba udongo kwa vikapu kutoka bondeni na kuumwaga juu, ili tupande kabichi. Wenzangu walinichukia sasa kwa sauti. Walikuwa na haki. Wengi wao walitoka kwenye mashamba, na shule ndiyo ilikuwa njia ya kutoka. Sasa baba yangu alikuwa amewafuata na jembe mpaka darasani. Binti mmoja alilia siku ya kwanza, akasema mama yake aliuza shuka zake ili yeye asije kushika mpini tena.

Rafiki yangu alitua kikapu chake karibu nami, akajishika kiuno.

"Baba yako," akasema, "alituondolea mpira, akatuletea mawe. Siku atakapotuletea kitu kingine, tuambiane mapema."

Nikamweleza. Nilikuwa sijamweleza mtu. Nilimweleza kilima, na mara tano, na mwanamke wa jembe, na maneno ya masere wa dispansere. Hakunifariji. Alisikiliza mpaka mwisho, akainama akajaza kikapu chake udongo mpaka juu, akakijaza na changu vilevile, akanisaidia kujitwika. Tangu siku ile tulibeba pamoja, na wengine walipobeba vikapu nusu, sisi tulijaza.

Miguu ilirudi. Inaonekana mwili hausahau kabisa, unangojea tu kuambiwa. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nikitoka bondeni na kikapu kichwani bila kusimama, na vile vishimo vya vifundoni vilikuwa vimekwisha. Haikunipa furaha. Kila nilipofika juu na pumzi yangu nzima nilijiuliza nguvu hii ilikuwa wapi Jumatano ile.

Nilipata cheti. Kabla ya kupelekwa shule yangu ya kwanza nilikwenda kumwona yaya. Alikuwa na mimba tena, na safari hii mume wake alikuwa amekwisha kumpangia nyumba ya ndugu karibu na dispansere, akae huko miezi miwili ya mwisho. Nilimkuta uani akichambua maharagi. Nilikaa karibu naye, nikachambua nami, na tulipofika nusu ya ungo nikamwuliza. Sikujua kama nitauliza mpaka maneno yalipotoka.

"Yaya, ni mimi?"

Hakujifanya haelewi. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagi, akiyatupa pembeni moja moja.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa ndani ya majani, sikuona. Nilijua tu tumesimama, tumekwenda, tumesimama. Kuna siku ninaona ni ile mvua. Kuna siku ninaona ni mukunga, alichelewa kusema. Siku ingine ninaona ni wale waliochukua mabwana wetu. Na kuna siku ninaona ni wewe, na hiyo siku siwezi kukutaja jina."

"Na leo?"

Aliunyanyua ungo, akaupeta, maganda yakaruka kwenye upepo. Alipepesuka kidogo kwa uzito wa tumbo, nikamshika kiwiko, naye hakuutoa mkono wake.

"Leo nina kiu," akasema.

Nilichukua mtungi nikashuka mtoni. Njia ilikuwa na utelezi wa mvua ya jana. Nilipanda bila kutua, nikammiminia kwenye kibuyu, akanywa akamaliza, akanirudishia nimwongeze.